Maji ya Kuoga ya Mtoto: Tuyapashe kwa Njia Gani?

Leo tunakwenda nyuma ya nyumba, pale penye karai la plastiki ambalo kwa mtoto ndilo bwawa lake la kuogelea. Tunataka kuulizana juu ya jambo linalofanyika karibu kila siku bila kufikiriwa sana: maji ya kumwogesha mtoto, tuyapashe joto kwa njia gani?

Labda utasema, njia ni ile ile, sufuria na moto. Lakini hebu itazame kaunti yetu. Mji wa Voi uko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mchana maji yanayotoka kwenye tangi la plastiki yanaweza kuwa na joto kama yaliyotoka jikoni. Panda gari la kwenda Wundanyi kupitia Mwatate, na kabla ya kufika utaanza kutafuta sweta. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, na kati ya mwezi wa sita na wa nane ukungu hulala Werugha na Mgange hata saa nne asubuhi. Mama wa Kaloleni pale Voi na mama wa Mgange hawawezi kupewa shauri moja. Taveta nako ni joto, lakini mtoto wa Taveta huungua kama wa Wundanyi.

Na hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo ya leo. Katika majeraha ya moto yanayowapata watoto wa chini ya miaka mitano, maji ya moto, chai na uji ndivyo vinavyoongoza. Wengi hawaungui kwa ndimi za moto. Wanaungua kwa sufuria iliyoinuliwa, beseni lililowekwa chini kwa dakika moja, au birika ambalo waya wake umevutwa.

Kwanza tujue mtoto anahitaji joto kiasi gani. Mwili wa mtoto una joto la nyuzi 37 hivi. Maji yake ya kuoga yanatakiwa kuwa nyuzi 37 au 38. Basi. Ni maji ambayo ukiingiza kiwiko chako huyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, ni vuguvugu tu. Maji yakifika nyuzi 60, mtu mzima huungua vibaya kwa muda wa sekunde tano, na ngozi ya mtoto, ambayo ni nyembamba kuliko yetu, huungua kwa muda mfupi zaidi. Maji yanayochemka ni nyuzi 100. Kule milimani yanachemka kabla ya kufika hapo, kwa sababu ya urefu wa milima, lakini hiyo si sababu ya kuyadharau.

Sasa fikiria tunavyofanya. Mtoto anahitaji nyuzi 38. Sisi tunachemsha sufuria nzima, lita nane au kumi, mpaka kifuniko kinaruka. Halafu tunaiteremsha, tunaiweka chini, tunangoja ipoe. Kuni zimekwisha, na kwa muda wa nusu saa kuna sufuria ya maji yanayoweza kumbabua mtoto, imekaa sakafuni, mahali ambapo mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuifikia.

Kuna hesabu ndogo hapa, na ningependa uishike, maana itakusaidia kuliko jiko lolote la kununua. Kama maji yako ya baridi yana nyuzi 20, chukua jagi moja la maji yanayochemka, uchanganye na majagi matatu ya hayo ya baridi. Utapata majagi manne ya nyuzi 40, yaani moto kidogo kuliko anavyotaka mtoto, na yatakuwa sawa baada ya kupoa kidogo au kuongezwa kikombe kimoja cha baridi. Kwa hiyo ukitaka lita nane za kuogeshea, huna haja ya kuchemsha zaidi ya lita mbili. Lita mbili ni birika la chai. Linabebeka kwa mkono mmoja, lina mdomo na kifuniko, na likianguka halimwagi kama sufuria.

Lakini usiifuate hesabu hiyo kwa kufumba macho. Maji ya tangi pale Voi yakiwa na nyuzi 28, kipimo hicho hicho cha moja kwa tatu kitakupa nyuzi 46, na hayo ni ya kumliza mtoto. Kwa maji kama hayo, jagi moja la moto linataka majagi sita ya baridi. Na huko Wundanyi asubuhi ya Julai, maji yakiwa na nyuzi 15, moja kwa tatu itatoka baridi kidogo. Kipimo kinakuonyesha pa kuanzia. Kiwiko ndicho kinachoamua. Nasema kiwiko, si kiganja, kwa sababu kiganja cha mama anayeshika sufuria na kugeuza kuni kimezoea moto, kinaweza kuambia maji ni mazuri huku yanachoma.

(Msomaji: rudia hesabu hii polepole, mara mbili.)

Baada ya hapo tunaweza kuulizana juu ya njia.

Tuanze na jua, kwa sababu ni la bure na kwa sababu sisi wa tambarare tuna jua la kutosha na ziada. Jerikeni la lita 20, hasa jeusi au lililopakwa rangi nyeusi, likiwekwa juani saa tatu asubuhi juu ya bati au jiwe, mahali pasipo na upepo, kwa kawaida saa nane au saa tisa alasiri utakuta maji yana joto la kuogea. Ukiwa na maji ya bomba la Mzima, lile lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa na linalotupitia hapa Voi, hayo hayana tofauti: yajaze asubuhi, yaache jua lifanye kazi. Kisima pia ni sawa.

Wengi mtasema, lakini mtoto huogeshwa alfajiri. Nani aliyesema? Hii ni desturi, haina dawa ndani yake. Mtoto mchanga hahitaji kuoga kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na siku nyingine unampangusa uso, shingo, kwapa, na sehemu zinazolowa mkojo na choo. Ukihamisha saa ya kuoga kutoka alfajiri kwenda alasiri, hewa ina joto, mtoto hatetemeki, na jua limekwisha kukuchemshia. Kwa mama wa Wundanyi au Mgange, saa saba mchana ndiyo saa nzuri hata kama bado utawasha moto, kwa sababu kinachomdhuru mtoto mdogo baada ya kuoga ni ile baridi ya kukaa na maji mwilini. Na aliyezaliwa leo asiogeshwe leo. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja saa 24 baada ya kuzaliwa. Apanguswe, afunikwe, akae kifuani kwa mama. Hiki kifua ndicho chenye joto linalomfaa kuliko maji yoyote, na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni lazima.

Jua lina masharti yake. Jerikeni lifunikwe. Maji yaliyo wazi huvutia mbu, nasi twajua malaria ya Taveta na ya tambarare. Usiweke beseni wazi juani ukaenda shamba, kwa maana mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama katika maji ya kina kifupi kabisa. Akiinama kichwa kikaingia hawezi kujiinua. Ndoo iliyojaa nusu inatosha kumuua, na huzama kimya bila kupiga kelele. Pili, maji yaliyopashwa na jua ndani ya jerikeni ni ya kuoga, si ya kunywa. Joto hilo halikuua vijidudu. Tatu, kama una mpira wa maji au bomba jeusi lililolala juu ya ardhi, maji ya kwanza yanayotoka mchana huweza kuchoma. Yaache yamwagike kwenye ndoo kwanza, ndipo umsogeze mtoto.

Sasa kuni. Nyumba nyingi za vijijini, kutoka Sagalla hadi Kishushe, zinapikia mafiga matatu, na hakuna haja ya kulaumiana. Lakini mafiga yanakula sana. Sehemu kubwa ya joto inapotelea pembeni na sufuria inapata sehemu ndogo tu. Kuchemsha zile lita mbili kutachukua karibu theluthi ya kilo ya kuni kavu. Kuchemsha lita nane kutachukua mara nne ya hizo. Na kuni hizo zinatoka wapi? Upande wa milimani misitu iliyobaki, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, ni vipande tu vya msitu uliokuwa mkubwa. Upande wa tambarare mama anayeingia kichakani alfajiri anaweza kukutana na ndovu wa Tsavo. Kwa hiyo kuni ulizookoa leo ni safari moja ya hatari uliyoipunguza.

Kama unatumia kuni, inua mafiga. Moto ulio chini ndio ambao mtoto anaufikia kwa mikono na kwa magoti. Jiko la kuni lililojengwa kwa udongo kwa kimo cha kiuno cha mama linakula kuni kidogo, na mtoto anayetambaa halifikii. Kama huwezi kulijenga mwezi huu, chora mstari kuzunguka mafiga, weka mawe au kizuizi cha miti, na uwafundishe watoto wakubwa kwamba huo ni mpaka. Mshike wa chini mgongoni au mwache kwa mtu mwenye macho kwake wakati wa kuteremsha maji. Usiteremshe sufuria huku umembeba mtoto. Haya nayasema kwa msisitizo, kwa sababu akina mama wengi hufanya hivyo: mtoto mgongoni, leso imelegea, mikono miwili kwenye sufuria. Mtoto akijirusha, maji yanamwagika juu ya mtu, na mtu huyo ni wewe au ni yeye.

Moshi pia tusiusahau. Mama na mtoto wakikaa jikoni pasipo na dirisha, moshi wa kuni humwongezea mtoto hatari ya homa ya mapafu. Kama unachemsha maji asubuhi, mtoto akae nje ya chumba chenye moshi mpaka maji yawe tayari.

Makaa ni hadithi ndefu kidogo, naomba usikilize kwa makini, hasa mama wa milimani na yule aliyepanga chumba kimoja mjini.

Jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo lilienea Kenya katika miaka ya 1980, linaokoa makaa kweli. Shida ni kwamba makaa hayazimiki kwa kubonyeza kitufe. Umeyawasha kwa ajili ya lita mbili za maji, maji yamechemka, na jiko bado limejaa moto mwekundu, mzuri, usio na moshi hata kidogo. Nje kuna baridi. Mtoto ametoka majini, unataka chumba kiwe na joto. Unalivuta jiko ndani, unafunga mlango na dirisha, mnalala.

Mama, huo moto mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya. Makaa yakiwaka mahali penye hewa chache hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho kama moshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa ile hewa safi tunayovuta, na mwili unakosa hewa huku mapafu yanapumua kama kawaida. Mtu aliyelala haamki. Mtoto mdogo na mama mjamzito huumia upesi, na mimba iliyo tumboni pia.

Kwa hiyo jiko la makaa lisilale ndani. Halina masharti ya "nimeacha dirisha wazi kidogo". Ukimaliza kupasha maji, litoe nje, lizibe au limwagie mchanga, kisha ndipo umvalishe mtoto. Chumba kinapashwa joto kabla ya kuogesha kwa kufunga mlango na kuweka nguo kavu tayari karibu, na mtoto anapashwa joto na mwili wako na blanketi. Kama watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa kwa pamoja, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, na wanapata nafuu wakitoka nje, usiseme ni homa. Fungua milango, toa kila mtu nje, kwanza watoto, halafu nendeni hospitalini hata kama mmejisikia vizuri. Waambieni kwamba kulikuwa na jiko ndani.

Jiko la mafuta ya taa silishauri sana kwa kazi hii. Linapinduka kwa urahisi, na chupa ya mafuta ya taa, mara nyingi chupa ya soda, ni maji mengine machoni pa mtoto mwenye kiu. Ukilitumia, mafuta yakae kwenye chombo chenye alama, juu, mahali pasipofikiwa.

Gesi inazidi kuingia nyumbani, hata nje ya mji. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ni mdogo, unawaka papo hapo na unazimika papo hapo. Kwa kuchemsha lita mbili unatumia gesi ya gramu 30 hivi. Kwa hesabu hiyo, mtungi mmoja ungeweza kupasha maji ya kuogea zaidi ya mara 150 kama ungetumika kwa hilo tu. Wengi huogopa gesi kwa bei ya mtungi mzima, hawapimi kwa bei ya kila bafu. Tatizo moja la ule mtungi mdogo ni umbo lake: mtungi, kichomeo, sufuria juu, na mwisho wake uko kwenye kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitatu. Uuweke mahali tambarare, kwenye pembe, pasipopita watu. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kibiriti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toa watoto.

Stima nayo ina nyuso zaidi ya moja. Kwa mtoto mchanga, njia nzuri kuliko zote za stima ni birika la kawaida la kuchemshia chai, lita moja na nusu au mbili, ambalo hujizima lenyewe. Linakula kama sehemu ya tano ya yuniti moja kwa kila lita mbili. Liweke nyuma kabisa mezani, na waya usining'inie. Watoto huvuta waya kama wanavyovuta kamba ya mbuzi.

Koili ile ya kutumbukiza ndani ya ndoo ni rahisi kununua na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtu anatumbukiza koili kwenye ndoo, anachomeka, anaingiza kidole kuonja kama maji yamepata moto. Kama koili ina ufa, kidole hicho kinapitisha stima mwilini, na ndoo ya bati inazidisha ubaya. Na ndoo yenyewe iko sakafuni, ina maji yanayochemka, na waya unavuka mlango. Ikiwa huna njia nyingine, itumbukize kwanza ndipo uchomeke, chomoa plagi kabisa kabla ya kugusa maji, mtoto asiwemo chumbani, na usiiache peke yake. Lakini mimi ningengoja wiki mbili nikanunua birika la stima.

Shawa ya moto, ile inayopasha maji yakipita, imejaa kwenye nyumba za kupanga Voi na Taveta. Ni nzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto ina mambo mawili. La kwanza ni kwamba joto lake hupanda maji yakipungua nguvu. Mtu akifungua bomba jikoni, maji ya shawa hupungua, na yale yanayotoka hupata moto ghafla. Kwa hiyo mtoto asisimamishwe chini ya shawa. Jaza beseni, zima, pima kwa kiwiko, ndipo umwingize. La pili ni waya wa ardhini. Shawa isiyo na waya huo, au iliyofungwa na mtu asiyejua, humpiga mtu shoti akiwa ameloa, na mtu aliyeloa huumia kuliko mkavu. Ukisikia mkono unatekenyeka unapogusa bomba, usioge tena humo. Zima swichi kubwa, mwite fundi wa stima mwenye kibali, na umwambie mwenye nyumba. Akikuambia ni kitu kidogo, mwambie wewe na watoto hamtaoga humo mpaka fundi amekuja. Tena kwetu sisi visima vingi vya tambarare vina maji ya chumvi. Chumvi hula kile chuma cha ndani cha shawa na hupitisha stima kirahisi. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi; ulizia hizo dukani kabla ya kulipa.

Na ikiwa mtu amepigwa na stima, usimguse. Kata stima kwanza. Wengi hufa wakimvuta mwenzao.

Mitambo ya jua ya kuweka juu ya paa, yenye tangi na mirija ya kioo, ni mizuri sana kwa zahanati, shule za bweni na nyumba yenye watu wengi. Kwa nyumba ya kawaida bei yake bado ni ya kukaa chini na kuhesabu. Wenye nayo hapa Voi wakumbuke jambo moja: alasiri ya jua kali, maji ya tangi hilo hupita nyuzi 60 bila shida. Bomba la moto lisiwe mahali ambapo mtoto anaweza kulizungusha, na fundi afunge vali inayochanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika bafuni.

Haya, maji yamepashwa. Sasa yatafikaje kwenye karai? Ajali nyingi hutokea hapa, katika hatua kumi kati ya jikoni na mahali pa kuogea. Peleka chombo kwa maji, usipeleke maji kwa chombo: weka karai karibu na jiko uwezavyo, ukiwa na njia iliyo wazi na taa kama ni usiku. Mtoto asiwe sakafuni. Tia maji ya baridi kwanza, halafu ya moto. Ukitia ya moto kwanza ukasema unakwenda kuchukua ya baridi, umeacha mtego. Koroga mpaka chini, kwa maana maji ya moto hukaa juu na pembeni. Kiwiko. Kisha ondoa birika au chupa ya chai, iweke juu, mbali, ndipo ulete mtoto. Kama maji yanapoa katikati ya kuoga, usimiminie ya moto akiwa ndani. Mtoe, mfunge taulo, ongeza, koroga, pima tena. Na simu ikilia, iache ilie.

Nina neno kwa nyanya na mashangazi wanaomhudumia mzazi. Kumkanda mama aliyejifungua kwa maji moto ni desturi yetu ya tangu zamani, na mapenzi yamo ndani yake. Lakini maji yawe ya kumstarehesha, si ya kumvumilisha. Tumbo lisikandamizwe kwa kitambaa kinachofuka mvuke. Mama aliyeshonwa, chini au tumboni, maji ya moto sana humfungua mshono na kumwunguza mahali ambapo hana hisia kamili bado. Vuguvugu na chumvi kidogo yatosha kwa aliyeshonwa chini, na aliyepasuliwa afuate maneno ya muuguzi wake. Kipimo ni kile kile cha kiwiko.

Na kama pamoja na yote hayo mtoto ameungua?

Maji ya baridi. Si barafu, ni maji ya kawaida, ya bomba au ya jerikeni, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Ni muda mrefu, mtoto atalia, na jirani atakuletea dawa ya meno. Mshukuru, usiipake. Usipake mafuta, yai, unga, asali, majani wala samadi. Vitu hivyo huzuia joto kutoka, huingiza vijidudu, na daktari atalazimika kuviosha upya juu ya jeraha bichi. Kama maji ya bomba yamekatika, jambo ambalo kwetu si geni, mwagia kwa jagi kutoka kwenye jerikeni na uyakinge kwenye beseni safi ili uyamwage tena. Kwa sababu hiyo nyumba yenye mtoto iwe na jerikeni moja la maji safi ya baridi ambalo halimalizwi. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, dakika 20 hizo bado zina faida.

Wakati unamwagia, mvue nguo zilizoloa maji ya moto, isipokuwa iliyoshikana na ngozi. Mvue na shanga, bangili na kamba za kiunoni au mkononi kabla hajavimba. Sehemu isiyoungua ifunikwe asipate baridi, hasa mtoto mchanga. Baada ya hapo funika jeraha kwa mfuko mpya wa plastiki safi au leso safi iliyopigwa pasi, bila kukaza. Malengelenge yasipasuliwe. Mnyonyeshe.

Kisha hospitalini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja apelekwe hata kama jeraha ni dogo. Mkubwa apelekwe kama jeraha linazidi kiganja chake mwenyewe, au liko usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, au limetoa malengelenge, au ni jeupe na haliumi. Hilo lisiloumi ndilo limeingia ndani zaidi. Aliye Voi yuko karibu na Hospitali ya Rufaa ya Moi, wa Wundanyi ana Wesu, wa Taveta ana hospitali yake pale mjini, na mwingine aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mkifika msifiche namna ilivyotokea. Muuguzi anauliza muda na maji yalikuwa moto kiasi gani ili ajue dawa, hakuulizi ili akuhukumu.